Nani aoshe vyombo? Mgawanyo wa kazi unavyowalea tofauti kaka na dada

Mtoto huanza kupangiwa kazi kabla hajafikisha siku arobaini. Akizaliwa wa kiume, bibi humpokea kwa kumwita "mume wangu", na majirani hupongeza kwamba nyumba imepata mlinzi. Akizaliwa wa kike, babu humwita "mchumba", na mama huambiwa kuwa sasa amepata msaidizi wa jikoni. Ni utani wa kawaida na hakuna anayekasirika. Lakini ndani yake maisha yameshagawanywa: huyu atalinda na kuamua, yule atasaidia na kupika.

Mtoto mwenyewe hajui lolote. Akifika miaka mitatu hivi, anaweza kusema kama yeye ni mvulana au msichana. Akifika umri wa kuanza shule, anajua vizuri kazi ipi "ni ya kina dada" na mchezo upi "ni wa kina kaka". Hakuna aliyemkalisha chini akamsomea sheria hizo. Amezipata kidogo kidogo, kutoka kwa watu anaowapenda na kuwaamini.

Wataalamu wa jamii huuita mwendo huu ujamiishaji, yaani namna mtoto anavyofundwa hadi akawa mtu wa jamii yake. Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia kuuelewa. Jinsi ni maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo, kuwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni majukumu, tabia na matarajio ambayo jamii huyapachika juu ya maumbile hayo. Jinsi ndiyo humwezesha mwanamke kubeba mimba na kunyonyesha. Jinsia ndiyo humfanya awe yeye, na si kaka yake, anayeitwa sufuria zikiwa chafu.

Kazi moja, wenyewe tofauti

Wazazi wengi huamini kuwa mgawanyo wa kazi umetokana na maumbile tu: mwanamume ana nguvu, mwanamke ana huruma. Lakini mtu akitoka jamii moja kwenda nyingine ndani ya Afrika Mashariki, ataona kazi ile ile ikibadilisha wenyewe.

Kujenga nyumba, kwa wengi, ni kazi ya fundi wa kiume. Kwa Wamaasai, anayejenga nyumba ya asili ni mwanamke. Yeye ndiye anayesimika miti, kusuka fito na kukandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Kukamua maziwa nako kwa Wamaasai ni kazi ya kina mama. Lakini kwa Wahima wa Ankole, nchini Uganda, mila iliwakataza wanawake kukamua, na kazi hiyo ikawa ya wanaume. Ng'ombe ni wale wale. Kilichobadilika ni jamii.

Hata urithi na ukoo havifuati njia moja. Kwa Waluguru wa milima ya Uluguru, Morogoro, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na wanawake wamekuwa wakirithi mashamba ya ukoo. Kwa jamii nyingine nyingi za Tanzania, ardhi hupita kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Watoto wa jamii hizo mbili hukua wakiwa na picha tofauti kuhusu nani ana sauti juu ya shamba.

Mjini mambo yako wazi zaidi. Kuteka maji ya nyumbani ni kazi ya mama na binti. Maji yale yale yakiwekwa kwenye madumu na kuuzwa kwa mkokoteni, anayeyasukuma ni kijana wa kiume. Jikoni nyumbani ni kwa mama, lakini anayekaanga chipsi pembeni mwa barabara, anayechoma mishikaki na anayepika kwenye meza za Forodhani, Zanzibar, kwa kawaida ni mwanamume. Katika harusi nyingi za pwani, masufuria makubwa ya pilau husimamiwa na wanaume. Mafundi cherehani wengi wa barazani ni wanaume, ingawa shati la kaka likichanika nyumbani, sindano hupewa dada.

Mfano mwingine umo katika historia. Enzi za ukoloni, wapishi na wafua nguo katika nyumba za Wazungu, Dar es Salaam na Nairobi, kwa kiasi kikubwa walikuwa wanaume. Ilikuwa ajira yenye mshahara, na wanaume waliifanya bila kuona aibu. Leo kazi hiyo imebaki zaidi mikononi mwa wasichana, na watu husema ni kazi ya kike tangu hapo.

Mifano hii inaonyesha jambo moja. Mwanamume anaweza kupika, kufua na kushona, na anafanya hivyo kila siku kazi hiyo ikiwa na malipo au ikifanyika mbele za watu. Kinachoitwa "kazi ya kike" mara nyingi ni ile iliyobaki ndani ya nyumba, isiyo na mshahara wala makofi.

Mafunzo yasiyo na ratiba

Zamani jamii nyingi zilikuwa na vyuo vyao vya kuwafunda vijana. Wavulana walikwenda jandoni, wasichana walichezwa unyago, na kila kundi lilielezwa majukumu ya utu uzima. Bi Kidude, msanii maarufu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa taarabu na pia kwa kuwafunda mabinti unyagoni. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha kuhusu dini, adabu na namna ya kuishi na mume. Utenzi huo bado unasomwa hadi leo.

Katika nyumba nyingi za sasa hakuna tena kungwi wala ngariba wa kuwakusanya watoto. Mafunzo hayakukoma. Yamehamia sebuleni, jikoni, kwenye televisheni na kwenye simu, na hutolewa kwa vipande vidogo ambavyo mzazi mwenyewe havioni.

Huanzia kwenye michezo. Msichana hununuliwa mwanasesere na vyombo vidogo vya plastiki. Mvulana hununuliwa gari au mpira, au huachwa ajitengenezee gari lake la waya. Mvulana hucheza chandimu mpaka mtaa wa pili na kurudi jioni na vumbi. Msichana hucheza rede au mdako karibu na mlango, kwa sababu anaweza kuitwa wakati wowote. Wakicheza "baba na mama", msichana hupika matope kwenye kifuniko, na mvulana "huenda kazini", kisha hurudi na kuuliza chakula kiko wapi. Hapo watoto wanaigiza walichokiona.

Hufuata kauli. "Mwanamume halii." "Kaa vizuri, wewe ni mtoto wa kike." "Mpe kaka yako maji ya kunywa." "Mwache, huyo ni mwanamume." Kila moja ni sentensi fupi ambayo msemaji huisahau baada ya dakika moja. Lakini mtoto huisikia mara mia, na baada ya muda hahitaji tena kuambiwa.

Watu wazima hutenda hivi hata bila kukusudia. Katika utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1975, watu wazima walipewa mtoto wa miezi mitatu aliyevalishwa nguo ya njano ili wacheze naye. Baadhi waliambiwa ni wa kike, wengine ni wa kiume, na wengine hawakuambiwa chochote. Walioambiwa ni wa kike walielekea zaidi kumpa mwanasesere. Ambao hawakuambiwa walijaribu kukisia wenyewe. Waliodhani ni wa kiume walitaja nguvu za mkono wake, na waliodhani ni wa kike walitaja ulaini wake. Mtoto alikuwa mmoja, na kilichotofautiana ni macho ya waliomshika.

Shule na vyombo vya habari huongezea. Vitabu vingi vya zamani vya kusomea vilimchora mama akiwa na sufuria na baba akiwa na gazeti. Matangazo mengi ya sabuni bado humtumia mwanamke kufua na mwanamume kutoa sifa. Mtoto anayeona picha hiyo nyumbani, darasani na kwenye runinga hana sababu ya kudhani kuna picha nyingine.

Saa zinazopotea kila siku

Wapo watakaouliza ubaya uko wapi. Binti akijua kupika ni hasara? Kujua kupika ni faida kubwa. Tatizo ni muda, na muda unaweza kuhesabiwa.

Oktoba 2016, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (Unicef) lilitoa ripoti kuhusu wasichana duniani. Ilionyesha kuwa wasichana wenye umri wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa umri wao katika kazi za nyumbani zisizo na malipo, pamoja na kuteka maji na kutafuta kuni. Kwa dunia nzima, hiyo ni saa milioni 160 za ziada kila siku.

Jambo la kumshtua mzazi zaidi ni namna pengo linavyokua. Kati ya miaka 5 na 9, wasichana huwazidi wavulana kwa asilimia 30. Kati ya miaka 10 na 14, tofauti hufika asilimia 50. Kwa maneno mengine, pengo linapanuka katika miaka ile ile ambayo masomo yanaongezeka ugumu na mitihani inakaribia.

Utu uzima hukamilisha kilichoanzishwa. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulibaini kuwa wanawake hutumia asilimia 18.7 ya muda wao katika kazi za nyumbani na za kulea zisizo na malipo. Hiyo ni kama saa nne na nusu kwa siku. Wanaume hutumia asilimia 3.6, ambayo haifiki saa moja.

Mzazi anaweza kupiga hesabu ya nyumba yake mwenyewe. Kwa mfano, dada na kaka wanasoma shule moja ya msingi. Wakirudi jioni, dada anaosha vyombo, anachambua mchele na kumbembeleza mdogo wao, na kwa jumla anamzidi kaka yake kwa saa moja tu ya kazi. Mwaka wa masomo wa Tanzania una siku 194. Hiyo ni saa 194 kwa mwaka. Siku moja ya darasani ikihesabiwa kuwa na saa sita, dada amepoteza muda unaolingana na siku 32 za masomo. Kwa miaka saba ya masomo, ni zaidi ya siku 220, yaani zaidi ya mwaka mzima wa shule. Matokeo yakitoka na kaka akawa mbele, nyumba nzima husema ana akili kuliko dada yake.

Hapo ndipo penye mgongano katika familia nyingi za sasa. Tangu Machi 19, 2021, Tanzania imeongozwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan, na wazazi wengi huwaambia mabinti zao kuwa nao wanaweza kufika popote. Wanalipia ada na tuisheni kwa moyo mmoja. Lakini chakula kikiisha, binti huyo huyo huondoka mezani kukusanya sahani, na kaka yake hubaki amekaa. Amefunguliwa mlango wa nje bila kupunguziwa mzigo wa ndani.

Kazi hujenga tabia: Funzo kutoka Oyugis

Mazungumzo kuhusu mgawanyo huu mara nyingi huishia kwa msichana. Lakini mvulana naye anapoteza kitu, na mmoja wa ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa Marekani, Carol Ember, alifanya kazi katika jamii ya Wajaluo eneo la Oyugis, magharibi mwa Kenya. Kwa mila ya mahali hapo, kazi za jikoni na kulea wadogo zilikuwa za wasichana. Lakini si kila mama alikuwa na binti wa umri unaofaa. Akina mama hao waliwapa watoto wao wa kiume kazi hizo, kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine.

Ember aliwachunguza wavulana hao katika maisha ya kila siku na kuwalinganisha na wenzao. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973, wavulana waliozoea kazi za kike walikuwa na ukali mdogo na hawakupenda sana kuwatawala wenzao. Walielekea zaidi kusaidia na kuwajibika. Tofauti ilionekana zaidi kwa waliofanya kazi za ndani ya nyumba kuliko kwa wale waliotumwa kazi za nje kama kuteka maji.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Anayelea mtoto mchanga hulazimika kusoma kilio: hii ni njaa, huu ni usingizi, hapa tumbo linauma. Anayepika hulazimika kufikiria nani hajala. Kazi hizo humfundisha mtu kuona mahitaji ya mwenzake kabla hajaambiwa. Mvulana anayezuiwa kuzifanya ananyimwa pia somo hilo.

Mwaka huo huo wa 1973, watafiti Beatrice Whiting na Carolyn Edwards walichapisha ulinganisho wa tabia za watoto wa jamii mbalimbali duniani. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa Wagusii wa Nyansongo, Kenya, ambako wavulana nao walilea wadogo zao na kufanya kazi za nyumbani. Huko tofauti za tabia kati ya wavulana na wasichana zilikuwa ndogo kuliko katika jamii ambazo wavulana hawakupewa kazi hizo.

Kumzuia mvulana kulia nako kuna gharama. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2019, waliokufa kwa kujiua walikuwa 12.6 katika kila wanaume 100,000, na 5.4 katika kila wanawake 100,000. Sababu za vifo hivyo ni nyingi na haziwezi kubebeshwa malezi peke yake. Lakini mtu aliyefundishwa tangu utoto kuwa machozi ni aibu atapata shida kuomba msaada siku moyo unapolemewa.

Hofu ya mama, hofu ya baba

Wazazi wanaowagawia watoto kazi kwa jinsia hawafanyi hivyo kwa chuki. Mara nyingi ni hofu. Mama wa binti anaogopa siku mwanawe atakapofika kwa wakwe na ugali ukawa na madonge, kwani hapo lawama haimfuati binti peke yake. Watu huuliza, "Mama yake alimfunza nini?" Heshima ya mama imewekwa mikononi mwa binti, ndiyo maana anamsukuma.

Baba wa mvulana ana hofu nyingine. Anaogopa mwanawe atachekwa mtaani na kuitwa "mama", au atakuwa mwanamume legelege asiyeweza kusimamia nyumba yake. Wakati mwingine mama na bibi ndio wakali zaidi, wakimwondoa kijana jikoni kwa maneno kwamba mwanamume hachungulii sufuria.

Hofu hizo zinastahili kujibiwa kwa upole. Methali ya wahenga ilisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haikutaja binti peke yake. Kijana anayekwenda chuo na kupanga chumba bila kujua kupika wali wala kufua shuka hufunzwa na ulimwengu kwa gharama kubwa: hula kwa mama lishe mpaka fedha za kujikimu zinaisha kabla ya mwezi. Na mwanamume ambaye mke wake amelazwa hospitali, naye hajui mtoto huoga saa ngapi wala uji hupikwaje, hana usimamizi wowote wa nyumba wa kujivunia.

Dini nayo hutajwa sana katika mjadala huu. Waislamu wana hadithi iliyopokewa kwa Bi Aisha, kwamba Mtume Muhammad (SAW) akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo kinamtaja Yakobo akipika dengu, na kinamtaja Raheli akichunga kondoo wa baba yake. Mzazi anayemtuma mvulana jikoni hajavunja imani ya mtu.

Anayejua kupika huonekana ameiva

Mgawanyo wa kazi una tawi jingine ambalo wazazi wengi hawalihusishi nao. Msichana wa miaka 14 anayepika, kufua na kulea wadogo zake bila kusimamiwa huanza kusifiwa kuwa "amekua". Kaka yake wa umri huo, asiyejua kuwasha jiko, anahesabiwa bado mtoto. Sifa hiyo ni tamu masikioni, lakini katika nyumba yenye shida inaweza kuwa hatua ya kwanza ya kumwoza.

Sheria yenyewe ilibeba mawazo hayo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18, lakini ikaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Kesi hiyo ilihusu ndoa, lakini kiini chake kinaanzia nyumbani. Uwezo wa kusonga ugali si kipimo cha utu uzima. Kama ungekuwa kipimo, vijana wengi wa kiume wa miaka 25 wangehesabiwa watoto.

Pa kuanzia

Mzazi anayetaka kubadilisha hali haitaji semina. Anahitaji karatasi, kalamu na msimamo wa wiki chache.

Zamu iandikwe. Kazi zote za nyumba ziorodheshwe, hata zile zisizoonekana kama kuchambua mchele, kubeba mtoto na kukumbuka kununua LUKU. Kisha zigawanywe kwa siku na kwa umri, si kwa jinsi. Jumatatu kaka anaosha vyombo, dada anamwaga taka, Jumanne wanabadilishana. Zamu ikiwa ukutani, ugomvi hupungua, kwa sababu anayeamua ni karatasi.

Umri uzingatiwe. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukunja nguo zake na kupanga viatu. Wa miaka minane anaweza kufagia, kuosha vikombe na kutandika kitanda. Wa miaka 12 anaweza kupika chakula chepesi mtu mzima akiwa karibu. Jiko la mkaa, mafuta ya moto na mtungi wa gesi vinataka uangalizi kwa mtoto yeyote, awe wa kike au wa kiume.

Binti naye apewe kazi za "kaka". Ajue kubadilisha balbu, kufunga koki inayovuja, kupiga msumari na kujaza upepo wa baiskeli. Zamu inayomwongezea mvulana kazi za ndani huku ikimwacha binti na zile zile za zamani haijabadilisha kitu. Na muda uliookolewa uwe wake kweli: wa kusoma, kucheza, hata kulala.

Baba aonekane. Mvulana anayeambiwa aoshe vyombo huku baba yake hajawahi kugusa sahani ataona ni adhabu. Baba akikuna nazi siku ya mapumziko, au akimwogesha mtoto mdogo bila kutangaza, amefundisha zaidi ya hotuba kumi. Familia inayolelewa na mama peke yake inaweza kumtumia mjomba au babu kama mfano.

Sifa zigawanywe sawa. Kijana akipika mara moja, nyumba nzima humsifu na jirani huambiwa. Dada yake anapika kila siku na hakuna anayesema kitu. Watoto huiona tofauti hiyo haraka sana. "Asante" moja kwa kila mmoja inatosha.

Msaidizi wa kazi ahusishwe. Katika nyumba zenye dada wa kazi, mvulana na msichana wote wanaweza kukua bila kushika ufagio, wakijifunza kwamba usafi wao ni kazi ya mtu maskini wa kike. Watoto wafue nguo zao za ndani, watandike vitanda vyao na kuosha sahani walizolia, hata kama yupo anayelipwa.

Babu na bibi waelezwe mapema, kwa heshima na faragha, kabla hawajaikuta zamu ukutani. Wengi wao watacheka kwanza. Bibi aliyezaa wavulana watupu atakumbuka kuwa wanawe walimtwangia na kumtekea maji, na hakuna aliyeharibika.

Mabadiliko haya hayatakuwa ya siku moja. Kijana wa miaka 15 aliyezoea kuhudumiwa atanuna, atavunja kikombe kimoja au viwili, na mama ataona ni rahisi zaidi kumwita binti amalizie. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Kwa mdogo wake wa miaka sita mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa bado hajajifunza kwamba kazi hizo hazimhusu. Samaki mkunje angali mbichi.

Kila mzazi mwenye binti huomba siku moja ampate mkwe mwenye huruma, asiyekaa akisubiri sahani huku mke wake amechoka au anaumwa. Mkwe huyo hatashuka kutoka mbinguni. Pengine saa hii ana miaka saba, yuko katika nyumba ya mzazi mwingine, naye anangoja kusikia kama zamu ya vyombo leo ni yake.